Aliyelazimishwa na Nazgûl hawi askari wako

Ndugu, ziweke chini hizo dadu kwanza. Umeuliza kuhusu mchezo wa Middle-earth, ule wa vita vya sanamu ndogo mezani: Nazgûl wako, mzuka mchawi, akimlazimisha kwa uchawi kapteni wa Gondor, yaani wa jeshi la adui, je, unaweza kumfanya awapige wenzake, na nani atupe dadu za pambano hilo? Huwezi kumfanya awapige wenzake, na laiti ningeambiwa hivyo mapema nisingempoteza Nazgûl wangu.

Aliyenifundisha mchezo wa Middle-earth, kwa kanuni za 2018, alinihakikishia kwamba adui aliyelazimishwa anakuwa wako, nami nikamwamini kwa sababu ya uzoefu wake. Zamu ya kwanza nilitumia pointi 3 za Utashi, akiba ya Nazgûl ya kufanyia uchawi, nikatupa dadu 3 na kubwa ikawa 5. Mpinzani akazuia kwa Utashi wa kapteni, akapata 5 vilevile, na sare humtosha anayezuia. Zamu ya pili nikatumia 3 nyingine nikafaulu, nikamsogeza kapteni inchi 3, yaani nusu ya mwendo wake, hadi kitako cha sanamu yake kikagusa kitako cha askari wa mkuki wa upande wake mwenyewe, nikaokota dadu za pambano. Mpinzani akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari: aliyelazimishwa husogezwa, kisha zamu hiyo hasogei tena, harushi silaha, wala hapigi hata akishinda pambano. Hakuna neno linalomgeuza kuwa adui wa wenzake.

Nilikuwa nimemrudisha kapteni nyuma ya ngao zake kwa mkono wangu mwenyewe. Nazgûl, aliyebaki na pointi 1, akavamiwa, na kwa kuwa kila zamu anayopigana humgharimu pointi 1 ya Utashi, zamu ilipoisha aliondolewa mezani bila kujeruhiwa hata kidogo. Hasira yangu kwa yule mwalimu haijaisha, kwa maana anayefundisha wengine ana wajibu wa kusoma kanuni nzima kabla ya kufungua kinywa.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia pointi yoyote, gusa kwa kidole mahali pale unapotaka adui asimame. Kama hapana faida ya yeye kusimama tu, usitupe. Mlazimishe kabla hujawasogeza askari wako wa Orc, mtoe kwenye safu ya ngao inchi zile 3, kisha Orc wamzingire pande zote, kwa sababu akishindwa bila pa kurudi nyuma, mapigo dhidi yake huwa maradufu.