Povu la chumvi si mimba

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mkunga. Siku zangu zimepita siku tatu sasa. Matiti yananiuma, nimechoka, na asubuhi harufu ya samaki inanipa kichefuchefu. Jana jioni nilipima kwa kijiti cha duka la dawa kikatoa mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Wifi yangu akanambia nitie mkojo kwenye chumvi, ukafanya povu. Yeye asema chumvi haikosei. Nishike lipi? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Shika kijiti, ila si hicho cha jana jioni. Chumvi mwachie wifi yako apikie.

Habari hii ya chumvi imenichosha. Ikitoka chumvi huja sukari, kisha dawa ya meno, kisha Jik ya kung'arishia nguo. Kijiti hutafuta homoni moja tu, hCG, ambayo huanza kutoka mimba ikishajishika kwenye mfuko wa uzazi, kiasi cha siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Chumvi haina chochote cha kuitambua homoni hiyo. Mkojo ukimiminwa kikombeni kwa kishindo hutoa povu, awe mwenyewe ni mjamzito au ni nahodha wa jahazi. Wifi yako akibisha, mwambie mumewe naye apime. Dawa nyingi za meno zina chokaa, na chokaa hutoka mapovu ikikutana na asidi ya mkojo. Jik ndiyo mbaya zaidi: ikichanganyika na mkojo hutoa hewa kali inayokaba kifua, na wanawake hufanya hivyo chooni, mlango umefungwa.

Sasa kijiti chako. Wiki za mwanzo hCG huongezeka karibu maradufu kila siku mbili au tatu, kwa hiyo kisichoonekana Jumatatu chaweza kuonekana Alhamisi. Tena huenda mwezi huu yai lilichelewa kutoka, na hesabu yako yote ikasogea. Ngoja zitimie siku saba tangu tarehe uliyotarajia hedhi, upime kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hujanywa maji. Tazama tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Nunua mahali ambapo vipimo havikuanikwa kwenye kioo kinachopigwa na jua, maana vingi havitakiwi kupita nyuzi 30 za joto.

Kisome kwa dakika zilizoandikwa, mara nyingi 3 hadi 5, kisha ukitupe. Naletewa vijiti vilivyofungwa kwenye karatasi tangu jana, vina mstari wa pili wa kijivu, mwembamba kama wa penseli. Huo ni mkojo uliokauka. Mstari hafifu lakini wenye rangi, uliotokea ndani ya muda wake, huo ni wa mimba. Na ukikoza sana si mapacha, jamani.

Matiti kuuma na uchovu usivitegemee. Homoni ya projesteroni hupanda kila yai likitoka, mimba iwepo isiwepo, na ndiyo inayoleta hayo. Kichefuchefu cha mimba kwa wengi huanza karibu wiki ya 6, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wewe umepita kidogo tu wiki ya 4. Ukiwa na homa, kapime malaria na useme kwamba huenda una mimba. Usijinunulie SP, dawa ya malaria, kwani mjamzito hapewi kabla ya wiki ya 13. Na kama ulikuwa ukidungwa Depo, sindano ya kupanga uzazi, hedhi yaweza kupotea miezi bila mimba yoyote.

Linalonikera hasa ni yanayofuata baada ya povu. Aliyeliona hukimbilia kukandwa tumbo ili mimba “ikae sawa”. Asiyeliona huuziwa majani ya kuteremsha hedhi, na muuzaji hamuulizi hata swali moja. Wote wawili hawajui mimba iko wapi, na kijiti nacho hakijui. Kijiti husema homoni ipo, basi. Mimba iliyoshika kwenye mrija wa uzazi nayo hutoa mistari miwili, na mrija ukipasuka damu humwagikia tumboni bila wewe kuiona.

Kwa hiyo, yeyote ambaye hedhi imempita, kisha akapata maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, matone ya damu, kizunguzungu au maumivu ya bega yasiyo na sababu, asikandwe na asinyweshwe kitu. Aende hospitali saa hiyo hiyo, kijiti kiwe kimesema nini. Aliye Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate, atafute boti maumivu yanapoanza, asingoje kupambazuke, na akifika awatajie siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho kabla hawajamuuliza.