Maswali na majibu: asilimia zinazogongana, popo wa mgodini na siku 42

Maswali mengi ya safari hii yanahusu Ebola, Marburg (homa kali ya virusi inayofanana na Ebola) na magonjwa mengine ya mlipuko. Nimeyafupisha kidogo, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nimesoma kwamba Marburg inaua watu tisa kati ya kumi. Halafu nasikia Rwanda walikufa chini ya robo ya wagonjwa. Nani anatudanganya?

Hakuna anayekudanganya. Ugonjwa huu ulipotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967, katika miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani na Belgrade katika Yugoslavia ya wakati ule, waliugua watu 31 wakafa 7. Uíge, Angola, mwaka 2004 hadi 2005, waliugua 252 wakafa 227. Mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023 walikufa sita kati ya tisa. Mwaka 2025, mkoa huohuo, wilayani Biharamulo, wagonjwa wote 10 waliohesabiwa walifariki. Katikati ya hapo, mwaka 2024, Rwanda ilipata wagonjwa 66 na vifo 15.

Tofauti ya kwanza ni matibabu. Wagonjwa wengi wa Rwanda walikuwa wahudumu wa afya, watu waliougua karibu na hospitali kubwa, wakapimwa mapema, wakaongezewa maji na chumvichumvi, wakapewa dawa za majaribio. Wawili walifika hatua ya kupumulia mashine, wakapona. Marburg haina dawa iliyothibitishwa hadi leo, lakini kumzuia mgonjwa asikaukiwe maji na figo zisisimame ni tiba kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tofauti ya pili ni hesabu yenyewe, na hapa ndipo magazeti hujikwaa. Kati ya wale 10 wa Biharamulo, wawili tu walithibitishwa na maabara. Wanane waliingizwa baadaye, baada ya kufa, kwa kuwa dalili zao na watu waliokutana nao vililingana na ugonjwa. Sasa fikiria mtu aliyepata homa wiki zilezile, akalala siku chache, akaamka. Nani atamtafuta? Kifo huacha kaburi na maswali, lakini aliyepona kimyakimya haachi kitu. Mlipuko mdogo uliogunduliwa kwa kuchelewa karibu kila mara utaonekana mkali kuliko ulivyo.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Ugonjwa wa mapafu wa virusi uitwao SARS ulipoanza kuenea mwaka 2003, makadirio ya mwanzo yalisema unaua takriban asilimia 4. Wengi waliohesabiwa kama wagonjwa walikuwa bado vitandani, hatima yao haijajulikana. Hesabu ilipofungwa, walikuwa wamekufa 774 kati ya 8,096, yaani karibu asilimia 10. Kwa hiyo ukikutana na asilimia ya vifo, uliza waliohesabiwa ni akina nani na hesabu ilifungwa lini. Isiyo na majibu hayo mawili, mimi huiruka.

Kama popo ndio wenye virusi, si tuwaue tu tumalize?

Ilishajaribiwa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, walipata Marburg. Mgodi ulikuwa na maelfu ya popo wa matunda wa Misri, ambao watafiti wamewathibitisha kuwa hifadhi ya virusi hivyo. Popo wakaangamizwa. Miaka michache baadaye wengine walirudi, wachache kuliko wa awali, na mwaka 2012 watafiti walipowapima walikuta karibu asilimia 13 wana maambukizi hai, zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa kabla ya kuuawa. Mwaka huohuo Marburg ilizuka tena kwa binadamu katika eneo lilelile la nchi.

Maelezo ya watafiti yanaingia akilini: ukiondoa popo wakubwa ambao tayari wana kinga, pango linajazwa na wageni na wachanga ambao hawajawahi kuambukizwa, na virusi vinapata kundi jipya la kupitia. Sijui hoja nyingine ya afya ya jamii inayovutia hivi na yenye matokeo mabaya hivi. Watu wakae mbali na mapango, na wanaolazimika kuingia wavae kinga.

Jirani yangu aliugua, nami nilisaidia kumbeba. Sina homa, sina lolote, lakini kila siku anakuja mtu kunipima joto. Mimi si mgonjwa, ananipimia nini?

Pole, najua inachosha, na majirani wanachungulia. Lakini wewe ndiye mtu muhimu kuliko wote katika mlipuko huo, hata kumpita mgonjwa. Mwenye Ebola au Marburg haambukizi kabla ya dalili kuanza. Ukianza homa leo asubuhi na ukachukuliwa leo asubuhi, mnyororo umekatika kwako. Ukikaa nyumbani siku nne ukiuguzwa na ndugu, wote waliokuuguza wanaingia kwenye orodha.

Nigeria mwaka 2014 ni mfano ninaoupenda. Msafiri mwenye Ebola alishuka uwanja wa ndege wa Lagos, mji wa mamilioni ya watu, na kila mtu alitegemea maafa. Wafuatiliaji waliorodhesha karibu watu 900 waliotangamana na wagonjwa, wakawatembelea ana kwa ana takriban mara 18,500. Mwisho wake: wagonjwa 20, vifo 8, mlipuko umezimwa bila chanjo. Kazi yenyewe ilikuwa kugonga milango, kipimajoto mkononi, siku 21 kwa kila mtu.

Njia hiyohiyo ilishindwa kuzuia UVIKO-19, na msomaji mwingine ameuliza kwa nini. Jibu liko kwenye kalenda ya maambukizi. SARS ya 2003 iliambukiza zaidi mtu akiwa tayari mgonjwa hoi, mara nyingi wodini, ndiyo maana ilizimwa kwa kutenga na kufuatilia. UVIKO-19 inaambukiza siku moja au mbili kabla mtu hajajua anaumwa, na wengine hawaumwi kabisa. Mfuatiliaji anafika mlangoni, ugonjwa ulishatoka dirishani.

Kwa nini chanjo inajaribiwa watu wakiwa wanakufa? Huko si kutufanya panya wa maabara?

Swali la haki, na historia ya utafiti wa tiba inakupa sababu za kuliuliza. Lakini chanjo ya ugonjwa unaozuka mara moja kwa miaka kadhaa haina mahali pengine pa kupimwa. Mlipuko ukiisha, hakuna wa kumlinganisha na nani.

Jinsi ya kufanya bila kumdhulumu mtu ilionyeshwa Guinea mwaka 2015. Kila mgonjwa mpya alipothibitishwa, walitafutwa waliotangamana naye, pamoja na waliotangamana na hao. Makundi mengine yalichanjwa papo hapo, mengine baada ya siku 21, na kura ya bahati nasibu ndiyo iliyoamua. Hakuna aliyedungwa maji matupu yasiyo na chanjo, wote walipata chanjo, tofauti ilikuwa muda. Katika makundi ya papo hapo hakuna aliyechanjwa aliyeugua kuanzia siku ya kumi. Katika yaliyosubiri, wapo waliougua. Ilipoonekana hivyo, kusubiri kulifutwa. Chanjo ile, Ervebo, iliidhinishwa mwaka 2019, na imetumika Kongo kwa mamia ya maelfu ya watu.

Dawa nazo zilipata ukweli wake kwa njia hiyo. Katika jaribio lililoendeshwa mashariki mwa Kongo kuanzia 2018, lililoongozwa pia na mtafiti wa Ebola wa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe, dawa nne zilishindanishwa. ZMapp, iliyosifiwa sana miaka ya nyuma, iliachwa mbali na dawa nyingine mbili za kingamwili (protini zinazokamata virusi), na mwaka 2019 jaribio likasitishwa mapema ili wagonjwa wapewe hizo mbili tu. Bila kulinganisha tungeendelea kutoa ZMapp kwa nia njema kabisa.

Lipo jambo linaloniudhi, nalo ni kuchelewa. Ervebo inalenga aina ya Ebola iitwayo Zaire, haitegemewi kwa aina ya Sudan. Uganda ilipotangaza mlipuko wa aina ya Sudan tarehe 20 Septemba 2022, chanjo za majaribio zilifika Desemba, wagonjwa wakiwa wamekwisha. Mlipuko uliofuata ulitangazwa tarehe 30 Januari 2025, na tarehe 3 Februari mtu wa kwanza alichanjwa. Virusi ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii itifaki (mpango wa jaribio), vibali na dozi vilikuwa vimeandaliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Wafadhili hupenda kutoa fedha moto ukiwaka. Siku nne zile zilinunuliwa katika miaka ya utulivu.

UVIKO-19 ilitoka maabara au sokoni?

Halijafungwa. Jopo la Shirika la Afya Duniani (WHO) liliripoti Juni 2025 kwamba ushahidi uliopo unaelekea zaidi upande wa wanyama, lakini taarifa muhimu zilizoombwa China hazikutolewa, hivyo hakuna nadharia iliyoondolewa mezani. Anayekuapia upande wowote anakuuzia kitu.

Kwa nini wanasubiri siku 42 kabla ya kutangaza mlipuko umeisha? Na aliyepona anaweza kuambukiza?

Muda mrefu zaidi unaokadiriwa kati ya kuambukizwa Ebola na kuugua ni siku 21. Mara mbili yake ni 42, ili hata mgonjwa mmoja aliyefichika awe amejitokeza. Hesabu inaanza mgonjwa wa mwisho anapopona na vipimo kuthibitisha, au anapozikwa. Uganda, mgonjwa wa mwisho wa mlipuko wa 2022 aliruhusiwa tarehe 30 Novemba, na mwisho ukatangazwa tarehe 11 Januari 2023. Hesabu mwenyewe.

Ila siku 42 zinapima mnyororo wa wagonjwa, hazipimi virusi vilivyojificha. Kuna sehemu za mwili ambazo kinga haizifikii vizuri, kama ndani ya jicho na korodani, na huko virusi vinaweza kubaki mtu akiwa na afya njema. Mwaka 2021 Ebola ilizuka tena Guinea. Wanasayansi waliposoma vinasaba vya virusi walitegemea kukuta mabadiliko ya miaka mingi, wakakuta vinafanana mno na vya mlipuko wa 2014 hadi 2016. Visingeweza kubaki hivyo kama vingekuwa vinarukaruka kati ya watu au wanyama muda wote huo. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vilikaa ndani ya mtu aliyepona, zaidi ya miaka mitano.

Tukio kama hilo ni nadra sana. Waliopona wako maelfu. Kupeana mkono, kula pamoja au kufanya kazi na aliyepona hakuna hatari. Tahadhari ni ya tendo la ndoa: mwanamume aliyepona anashauriwa kutumia kondomu hadi shahawa zake zipimwe mara mbili na kukutwa safi, au, pasipo na kipimo, kwa miezi 12 tangu alipoanza kuugua. Kliniki za waliopona hupima hilo kwa siri, pamoja na macho na maumivu ya viungo, ambayo kwa wengi huja baada ya homa kuondoka.