Jibu: Watumiaji kubadili nywila zao wenyewe kwenye PostgreSQL
Habari ndugu. Unataka kila karani abadili nywila yake kwenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata) mnayotumia pamoja, bila kumpa mamlaka ya msimamizi. Kwanza hakikisha kila mtu ana akaunti yake. Kama wote mnaingia kwa jina moja, mmoja akibadili, wengine wote wamefungiwa nje.

Hilo likikaa sawa, usimwongezee mtu ruhusa yoyote. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kubadili nywila yake. Aingie psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), aandike \password, aingize mpya mara mbili. Msiwazoeze kubadili kwa kuandika amri ya ALTER ROLE, maana nywila hufika kwenye seva ikiwa wazi na inaweza kubaki kwenye logi (faili la kumbukumbu za seva). Nimewahi kuzikuta humo, zinasomeka kabisa!

Pia endesha SHOW password_encryption; inayoonyesha njia ya kuficha nywila zinapohifadhiwa. Ikijibu md5 (njia ya zamani, dhaifu), weka scram-sha-256 (iliyo salama zaidi) kabla watu hawajaanza kubadili.