Ndege "iliangushwa" au "ilitua"?

Swali: Mwalimu, niko Kadutu, Bukavu. Nilipokea ujumbe kwenye simu: "Ndege ndogo iliangushwa shambani baada ya moteri kuzimwa, rubani ni mzima." Papo hapo watu wakaanza kuulizana ni kundi gani limeipiga. Je, sentensi hiyo ni sahihi?

Jibu: Si sahihi, ndugu yangu, na huku kwetu Kivu kosa hilo ni la hatari. Kuangushwa kunataka awepo aliyeangusha. Ndege ya Rais Habyarimana iliangushwa Kigali tarehe 6 Aprili 1994, maana ilipigwa kwa makombora. Lakini ile iliyoangukia nyumba za Birere, Goma, tarehe 24 Novemba 2019, punde tu baada ya kuruka, ilianguka. Msomaji akiona "-shw-" humtafuta mwenye silaha, na ana haki.

Kati ya kuzimika na kuzimwa pia ipo tofauti kama hiyo. Mafuta yakiisha, au barafu ikiziba kabureta, yaani kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, moteri huzimika. (Mtaani tunasema "imezima", sina ugomvi nayo.) Ikishika moto, rubani akaikatia mafuta makusudi, hapo imezimwa.

Hata "ilianguka" nisingeikubali kwa habari hiyo, kama rubani ndiye aliyelichagua shamba. Moteri ikizimika, ndege haidondoki kama jiwe. Rubani huinamisha pua ili mwendo usipotee, huku macho yakitafuta mahali tambarare. Ndege ndogo aina ya Cessna 172 iliyo mita 1,000 juu ya ardhi, pasipo upepo, huweza kuteleza hewani kama kilomita 9 kabla ya kugusa chini. Mtu aliyeifikisha ndege shambani kwa namna hiyo ametua. Ukisema ameanguka, umemnyang'anya kazi yake ngumu kuliko zote.

Angalia pia kulazimika na kulazimishwa. Rubani Sullenberger alilazimika kutua kwenye mto Hudson, New York, Januari 2009, baada ya mabata bukini kuharibu injini zote mbili. Lakini ndege ya abiria iliyoshushwa Minsk Mei 2021, ikisindikizwa na ndege ya kivita, ililazimishwa kutua.

"Kutua kwa dharura" si kosa, ila ni pana mno: pengine moteri ni nzima, rubani ameshuka kwa sababu ya moshi au mgonjwa. Mimi ningeandika: "Moteri ya ndege ndogo ilizimika angani, rubani akalazimika kutua shambani; ni mzima."