Kipimo cha vifuko vya seli hakijachukua nafasi ya biopsi

Ndugu mzazi, umeuliza kama kipimo cha damu cha vifuko vinavyotolewa na seli kinaweza kumwepusha mwanao, anayeshukiwa kuwa na osteosarkoma (saratani ya mfupa), na biopsi, yaani kuchukuliwa kipande cha uvimbe ili kichunguzwe. Kwa sasa hakiwezi.

Vifuko hivyo (vile viitwavyo eksosomu vina upana wa takribani nanomita 30 hadi 150) hutolewa na seli zenye afya na za saratani pia, vikiwa vimebeba protini na RNA, yaani nakala za maelekezo ya jeni. Vifuko vya osteosarkoma hubeba protini ya TGF-beta, ambayo huzichochea seli shina za jirani (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) kutoa interleukini-6, protini ya kupitisha ujumbe kati ya seli, na hivyo kuusaidia uvimbe kukua na kusambaa, hasa mapafuni. Katika sarkoma ya Ewing, saratani nyingine ya mifupa, watafiti wamekuta ndani ya vifuko RNA ya EWS-FLI1, jeni iliyotokana na jeni mbili kuungana ndani ya seli za saratani hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye matumaini zaidi.

Hata hivyo, huo bado ni utafiti. Usikubali biopsi icheleweshwe, ila omba ipangwe na timu itakayomfanyia upasuaji, kwa kuwa mara nyingi njia iliyopitiwa na sindano huondolewa pamoja na uvimbe. Uliza pia kuhusu picha ya CT ya kifua, ili mapafu yaangaliwe.