Nina Miaka 27, Nywele Zinaniaga na Ukweni Wananisubiri

Hujambo Shangazi? Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Umoja, na nimeajiriwa katika ofisi ya uhasibu katikati ya jiji. Tangu mwaka juzi nywele zangu zimekuwa zikirudi nyuma kwenye pembe za paji la uso, na sasa hata utosini zimepungua hadi ngozi inaonekana, ilhali baba yangu ana nywele tele mpaka leo. Nimelaumu kofia, nikalaumu maji ya kisima tunayotumia kwenye ploti, kisha nikanunua mafuta ya kuotesha nywele River Road kwa shilingi 6,500, lakini sijafua dafu. Makanga wananiita mzee. Mchumba wangu anataka twende kwao Machakos nikajitambulishe kwa wazazi wake, nami nimeahirisha safari hiyo mara mbili kwa kisingizio cha kazi, kwa kuwa siwezi kuketi mbele ya wakwe nikiwa na kofia, wala sithubutu kuivua. Rafiki yangu ananishauri ninunue vidonge mtandaoni. Nifanyeje?
Mwenye Kofia, Nairobi

Sijambo, mwanangu. Barua yako ina mambo mawili, nywele na safari ya Machakos, nawe umeyafunga pamoja kiasi kwamba la pili linangoja la kwanza litatuliwe. Afadhali tuyatenganishe, kwa sababu la nywele litachukua miezi mingi na huyo binti hawezi kungojeshwa miezi yote hiyo bila kuelezwa sababu.

Kwanza uache kutafuta mchawi. Kofia ya kawaida haing'oi nywele wala haizizuii kuota. Maji ya visima vya Nairobi yana kasoro zake, hasa floraidi inayoharibu meno ya watoto wetu, na chumvi yake inaweza kuukausha unywele hata ukakatika, lakini maji hayawezi kuchagua pembe za paji na utosi yakaacha kisogo na sehemu za juu ya masikio zikiwa salama. Mpangilio huo unaoueleza ni wa upara wa kurithi wa wanaume, ambao huweza kuanza wakati wowote baada ya kubalehe. Mwili hugeuza sehemu ya homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, iitwayo dihaidrotestosteroni, na kwa aliyerithi mwelekeo huo, mashina ya nywele za mbele na za utosini husinyaa polepole kwa sababu yake, kila unywele mpya ukiota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi hauonekani tena. Tangu mwaka 1942, mtafiti Mmarekani James Hamilton alipochapisha uchunguzi wake juu ya wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe, ambao hawakupata upara wa aina hii, imejulikana kwamba homoni za kiume zinahusika. Hilo halina maana kwamba una homoni nyingi kupita kiasi, wala kwamba umepungukiwa. Kinachotofautiana ni jinsi mashina ya nywele zako yanavyoipokea.

Kuhusu baba yako, jeni moja yenye uzito mkubwa katika jambo hili iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, ndiyo maana wengi huwatazama wajomba. Hata hivyo zipo jeni nyingine nyingi zinazotoka pande zote mbili, kwa hiyo usimwandame mama yako kwa maswali.

Hayo nimeyasema kwa kusoma barua tu, nami sikukiona kichwa chako. Nenda kwa daktari wa ngozi kabla ya kununua chochote, iwe ni katika kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au kwa daktari wa kibinafsi ikiwa bima yako inaruhusu. Nywele zinazotoka kwa mabaka ya mviringo, ngozi inayowasha na kutoa magamba, vipele vigumu vya kisogoni, au nywele zilizopukutika kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, kila moja ina chanzo chake na tiba yake, na baadhi zisipotibiwa mapema huacha kovu ambalo halioti tena kitu. Kupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida kwa kila mtu, kwa hiyo hizo unazoziona kwenye taulo, peke yake, si ushahidi wa lolote.

Mafuta ya River Road uyaache. Chupa isiyotaja viambato vyake, wala jina la mtengenezaji, wala tarehe ya kuharibika, haina mtu wa kuulizwa ikikuunguza. Bei yake pia nimeistaajabia, kwa maana muuzaji hapo alikuwa ameuza aibu yako, si mafuta.

Dawa zenye ushahidi wa kutosha ni mbili, na zote mbili zilipatikana zikitafutiwa kazi nyingine. Minoksidili ilikuwa ya shinikizo la damu, hadi wagonjwa walioimeza walipoanza kuota nywele mahali wasipotarajia. Siku hizi huuzwa kama majimaji au povu la kupaka kwenye ngozi ya kichwa, kwa kawaida mara mbili kwa siku, na hulazimu uvumilivu wa miezi minne hadi sita kabla ya kuhukumu kama inakufaa. Katika wiki za mwanzo nywele huweza kupukutika zaidi kuliko awali, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuitupa chupa, ingawa mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe. Ukiiacha baadaye, ulichokipata hupotea ndani ya miezi michache. (Ikiwa unafuga paka, uwe mwangalifu mno, maana dawa hii ni sumu kwake hata akiilamba kidogo tu.)

Finasteridi ndiyo hiyo ya vidonge ambayo nadhani rafiki yako anaisema. Ilianza kama dawa ya tezi dume, na mwaka 1997 Marekani ikaidhinisha kipimo kidogo cha miligramu 1 kwa ajili ya upara wa wanaume. Huwasaidia wengi kuzihifadhi nywele zilizobaki, lakini kwa wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kulitenda, na wapo wanaume walioripoti huzuni kubwa au matatizo yaliyoendelea hata baada ya kuacha. Tena mwanamke mjamzito hapaswi kushika kidonge kilichovunjika, kwa sababu kinaweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Kijana anayejiandaa kuoa ana haki ya kuyajua haya yote kutoka kwa daktari, wala si kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye hatamwona akipata madhara. Upandikizaji wa nywele usiufikirie kwa sasa. Katika umri wako upara bado unasonga, na unaweza kulipia kupandwa nywele mbele huku za nyuma yake zikiendelea kuondoka.

Ipo njia nyingine ambayo hukuitaja, nayo ni kunyoa. Nashuku unapoketi kwa kinyozi humwomba akunyooshee laini ya mbele na kupaka rangi nyeusi pale palipopungua, na kila baada ya wiki mbili laini hiyo inasogea juu kidogo ili inyooke. Mwambie safari hii atoe kitana cha mashine apitishe kichwa kizima. Usikubali wembe, hasa kisogoni, kwa sababu nywele zetu za kujikunja zikikatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi na kuleta vile vipele vinavyogeuka makovu, na ukiweza nunua mashine yako mwenyewe, ambayo itakukinga na mapunye ya wateja wengine. Kichwa kilichonyolewa huhitaji mafuta ya kukinga jua, kwani jiji letu liko juu sana na jua lake hulihisi ukishavua kofia.

Usinielewe kwamba nywele ni jambo dogo. Mwanamume wa miaka 27 anayejiona kwenye kioo akiwa na sura ambayo hakuitarajia kabla ya miaka 50 ana haki ya kusononeka, na wanaume wetu huzoea kulificha jambo hili ndani ya mzaha. Ikiwa unakosa usingizi, au unakwepa kazi na marafiki, mwone mshauri nasaha pamoja na huyo daktari wa ngozi. Makanga wewe mwitikie tu. Huwaita wazee hata wanafunzi wa chuo akitaka wasogee nyuma.

Nisilokubaliana nawe ni kumficha mchumba wako. Yeye hajui kwamba unaogopa kuvua kofia; anachojua ni kwamba umekataa mara mbili kwenda kuwaona wazazi wake, na kwa binti aliyekwisha kuwataarifu nyumbani, huenda na kuku amekwisha kutengwa, maana ya kukataa huko ni moja tu. Mweleze ana kwa ana, kofia ikiwa mezani, na umwambie waziwazi kwamba hicho ndicho kilichokuchelewesha. Wakwe watauliza unafanya kazi gani, watu wenu ni wa wapi na unamwendea binti yao kwa nia gani, na mzee akiinamisha kichwa kuombea chakula utavua kofia kama wanaume wengine wote.

Ukiamua kunyoa, nyoa wiki mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia, kwa kuwa ngozi iliyokuwa chini ya nywele mara nyingi huwa na weupe usiolingana na uso na huhitaji siku kadhaa za jua la kiasi. Lakini kabla ya kwenda kwa kinyozi, mpigie mchumba wako umpe tarehe ya kwenda Machakos, naye aipeleke kwao.