Miaka mitano na miezi mitatu: mwenye jengo anatafuta nini?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nimekuwa na duka la kushona mapazia hapa Ngara, Nairobi, kwa miaka tisa, bila mkataba wa maandishi. Hulipa shilingi 45,000 kila mwezi na risiti zote ninazo katika mkebe wa biskuti. Juzi jengo liliuzwa, na karani wa mmiliki mpya akaniletea mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, akisema niutie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi ama nihame. Hiyo miezi mitatu ya ziada ni ya nini? – Mshonaji, Ngara

JIBU: Bi. Mshonaji, hiyo miezi mitatu ndiyo sababu ya mkataba wenyewe kuandikwa. Sheria ya mwaka 1965 inayohusu upangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ambayo mawakili huiita Sura ya 301, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na vilevile yule ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Mkataba wa maandishi ukishavuka miaka mitano, ulinzi huo kwa kawaida huondoka. Kwa hiyo wewe, pengine bila kujua, umekuwa chini ya ulinzi kwa miaka yote tisa, na kuuzwa kwa jengo hakukuuondoa.

Maana yake ni kwamba mmiliki anayetaka kukutoa, au kukupandishia kodi, sharti akupe notisi katika fomu iliyowekwa na sheria, yenye kutaja sababu, na ambayo haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu uipokee. Maneno ya karani aliyesimama mlangoni si notisi. Ukipata notisi halali, mjibu mmiliki kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja ukieleza kama unakubali au unakataa, kisha upeleke shauri lako mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe iliyotajwa. Ukifanya hivyo, notisi husimama hadi baraza liamue. Anayenyamaza ndiye anayeumia, kwa kuwa tarehe ikifika notisi hushika, na nimewaona wafanyabiashara wa miaka mingi wakipoteza duka kwa sababu tu karatasi ilibaki kwenye droo chini ya vitambaa.

Simaanishi kwamba mkataba huo ni mtego mtupu. Unakupa uhakika wa kukaa na kodi inayojulikana mapema, jambo ambalo aliyeweka rafu na mashine kwa mkopo hawezi kulipuuza. Lakini muda ukiisha, mmiliki hatakuwa na haja ya kutoa sababu, na biashara ikidorora mwaka wa pili bado utadaiwa kodi ya miaka iliyosalia. Ukiomba kiwekwe kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi, huenda akakataa, naye ana sababu: mkataba unaoweza kuvunjwa ndani ya miaka mitano ya mwanzo bila kosa la upande wowote hurudi chini ya ulinzi, hata ukiandikwa wa miaka kumi. Wapo wamiliki waliojifunga wenyewe kwa kifungu hicho. Angalia pia ni nani atakayelipa ushuru wa stempu, yaani ada ya serikali kwa hati ya mkataba, ambao kwa mkataba unaozidi miaka mitatu ni asilimia 2 ya kodi ya mwaka. Kwa kodi yako ya sasa ni shilingi 10,800, mbali na ada ya wakili na ya usajili.

Hulazimiki kutia sahihi. Kwa maoni yangu, endelea kulipa kodi kwa wakati na uchukue risiti, kwa sababu kuchelewa kwa miezi miwili ni sababu halali ya kukutoa, kisha umpelekee wakili karatasi hiyo kabla ya kumjibu karani.

SWALI: Nina nyumba Umoja. Mkataba wa mpangaji wangu wa mwaka mmoja uliisha miezi mitano iliyopita, lakini ameendelea kunitumia shilingi 18,000 kwa M-Pesa. Sasa namhitaji ahame, naye anadai ana haki ya mwaka mwingine. – Mzee wa Umoja

JIBU: Mzee wetu, hana mwaka mwingine, ila nawe huwezi kusema hana chochote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema kwamba ukiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya mkataba kuisha, upangaji wa mwezi hadi mwezi huhesabiwa umeanza. Mpe notisi ya maandishi isiyopungua mwezi mmoja, na iishie siku ambayo kodi hulipwa. Kama hulipa tarehe 5, notisi isiishie tarehe 20. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi haikuhusu, kwani huishia kwenye nyumba za shilingi 2,500 kwa mwezi, na sijui ni chumba gani Umoja kinachopatikana kwa bei hiyo siku hizi. Akikataa kutoka, nenda mahakamani. Usifunge mlango kwa kufuli yako wala usimkatie maji, maana hapo yeye ndiye atakayekushtaki.